Jibu Unalo

Nchi ninayotaka kuisimulia haikuwamo kwenye ramani ya ukutani ya shule niliyosoma. Lakini ramani ile ilikuwa imetafunwa na panya upande mmoja, kwa hiyo siwezi kuapa kwamba nchi hiyo haipo. Kama wewe unayesoma unaifahamu, nyamaza tu, endelea kusoma. Hakuna atakayekuuliza.

Nchi hiyo iliongozwa na mtu aliyeitwa Mlezi Mkuu wa Taifa. Alikuwa mtu mwema, mwenye shingo nene na sauti ya upole, na alipenda sana semina. Mwaka mmoja alialikwa kwenye semina ya siku tatu katika nchi ya mbali. Siku ya kwanza ilikuwa ya kupumzika na ya tatu ilikuwa ya kununua vitu. Siku ya pili alimsikiliza mtaalamu mmoja aliyesema kwamba bosi mzuri hampi mfanyakazi majibu. Bosi mzuri humwuliza mfanyakazi maswali, mpaka mfanyakazi alione jibu mwenyewe ndani ya moyo wake, na jibu la namna hiyo halisahauliki maisha yote.

Nasikia mtaalamu aliendelea kusema mambo mengine, kwamba kuna wakati wa kuuliza na kuna wakati wa kusema. Lakini ilikuwa saa ya chai, na Mlezi Mkuu alikuwa ameshatoka.

Alipotua nyumbani alisimama kwenye ngazi za ndege akashika kipaza sauti.

"Ndugu wananchi, kwa nini nchi yetu ni maskini?"

Watu wakanyamaza, wakisubiri awaambie. Yeye naye akanyamaza, akisubiri wamwambie. Jua lilikuwa kali. Wanafunzi wawili wa bendi ya shule wakaanguka. Baada ya dakika ishirini Mlezi Mkuu akafuta jasho akasema kwa upole, "Mmeona? Jibu mnalo." Watu wakapiga makofi, kwa sababu ilielekea amemaliza.

Ndani ya mwezi mmoja ikapitishwa Sheria ya Kuwalea Watumishi kwa Maswali. Ilisema hivi: mkubwa wa kazi akiulizwa jambo na mdogo wake, asijibu, aulize. Akijibu, amemwibia mtumishi nafasi ya kujigundua, na mwizi hana kazi serikalini. Maneno JIBU UNALO yakachorwa kwenye kuta za ofisi zote, kwenye magari ya wagonjwa, na kwenye paa la Bunge, ili hata ndege wayasome.

Mambo yakabadilika haraka. Mtabiri wa hali ya hewa, ambaye kila jioni alikuwa akitwambia redioni kama mvua itanyesha, akaanza kutuuliza. "Wasikilizaji, mnadhani kesho kutakuwaje?" Kisha ukapigwa muziki. Hospitalini daktari mkubwa alimwuliza daktari mdogo, "Wewe moyo wako unakwambia tupasue wapi?" na mgonjwa aliyekuwa bado macho akaomba kurudi nyumbani. Watu wawili tu ndio waliosamehewa sheria hiyo: rubani wa ndege ya Mlezi Mkuu na daktari wake wa meno. Hao waliambiwa kila kitu waziwazi, kwa sababu za kiusalama.

*

Mimi nilikuwa mpika chai katika ofisi ya bwawa la Sungwe. Jina langu ni Veneranda. Shule niliishia darasa la tano. Sikufukuzwa na wala sikuugua. Mwalimu alikuwa akiniita jina na kuniuliza swali, nami jibu nilikuwa nalo, lakini akisema "Una hakika?" jibu lilikuwa linazama kama jiwe, nami nasema sijui. Alikuwa ananisimamisha mpaka kengele ilie. Siku moja nikaona ni afadhali nibaki nyumbani nikitwanga, kwa kuwa mchi hauulizi.

Dada yangu Asela ndiye aliyenisemea tangu utotoni. Dukani, kanisani, kwa wachumba, alisema yeye.

"Huyu mdogo wangu," alikuwa akiwaambia watu, "ukimkanyaga mguu atakuomba radhi kwa kuuweka hapo."

"Asela, niache."

"Haya, mmemsikia? Leo amehutubia."

Asela aliishi Mabondeni, chini ya bwawa, kwenye mashamba ya mpunga, pamoja na binti yake Tekla wa miaka mitano. Mumewe alishafariki. Kila Jumapili nilishuka kwake nikala wali mpya, na yeye alizungumza kwa niaba yetu sote wawili.

Sasa niwaeleze bwawa, maana bila hilo hamtaelewa. Lilikuwa na malango mawili ya chuma, kila moja na gurudumu lake la kuzungusha. Lango la mlimani lilitoa maji kwenye korongo la zamani, ambako hakuna mtu, ni mawe na nyani. Lango la ofisini lilitoa maji kwenye mfereji wa Mabondeni, na hilo hufunguliwa kidogo tu, kiasi cha kunywesha mpunga. Maji ya bwawa yakizidi mstari mwekundu, unapiga king'ora ili watu wa Mabondeni wapande juu, unasubiri nusu saa, unafungua la mlimani lote. Basi. Mtu anaweza kujifunza hayo wakati chai inapoa, na mimi ndivyo nilivyojifunza, kwa kusimama na sinia nikimsikiliza Mzee Hamduni akiwafundisha vijana wake.

Mzee Hamduni alikuwa msimamizi wa malango. Alikuwa na maneno machache na mikono mikubwa. Gurudumu la mlimani lilikuwa zito kwa kutu, kwa hiyo alikuwa na bomba refu la chuma, analipenyeza kati ya vijiti vya gurudumu na kulisukuma kama mtu asukumaye mlango wa gereza. "La mlimani linataka bomba na matusi," alikuwa akisema. "La ofisini linazunguka kwa kidole. Usije ukadanganywa na wepesi wake."

Mkubwa wetu sote alikuwa Mhandisi Ngwilizi. Alisomea mabwawa ng'ambo miaka saba. Alikuwa na watoto wanne shuleni, na kila barua ya wizara ilipofika aliifungua akiwa amesimama.

*

Mwezi wa pili wa sheria ile alikuja Mkaguzi wa Maswali kutoka makao makuu, Bi Mkungule. Alivaa suti ya rangi ya zambarau na alikuwa na daftari lenye safu mbili, moja imeandikwa MASWALI na nyingine MAJIBU. Alisema atakaa nasi mwaka mzima, mpaka safu ya pili ibaki tupu.

Siku ya kwanza alikusanya vitabu vyote vya maelekezo ya bwawa, kwa kuwa maelekezo ni majibu yaliyoandikwa mapema. Siku ya pili alitazama malango. Juu ya kila gurudumu palikuwa na maandishi ya rangi nyeupe: KORONGONI hapa, MABONDENI pale.

"Haya yanamwambia mtumishi," alisema kwa masikitiko. "Hayamwulizi."

Wakayapaka rangi ya kijivu, na juu yake wakaandika, kwenye malango yote mawili, maneno yaleyale: WEWE UNAONAJE?

Siku ya tatu aliondoa king'ora. Alieleza kwamba king'ora kinawaamuru watu wakimbie bila kwanza kuwauliza kama wanataka kukimbia. Na lile bomba la chuma la Mzee Hamduni likaonekana limekaa bure, likasimikwa mbele ya ofisi kuwa nguzo ya kibao cha JIBU UNALO. Lilipendeza.

Wiki hiyo hiyo aliajiriwa kijana mpya, Gaudensi, apate kujifunza malango. Alikuwa mpole, mwenye meno yaliyoachana mbele. Asubuhi yake ya kwanza alimwendea Mzee Hamduni, Mkaguzi akiwa amesimama pembeni, akamwuliza, "Shikamoo mzee. Samahani, choo kiko wapi?"

"Marahaba. Nyuma ya ghala, mwanangu."

Mkaguzi akafungua daftari. Kalamu yake ikaandika kwenye safu ya pili kwa muda mrefu, ingawa jibu lilikuwa la maneno manne.

"Mzee," alisema, "huyu kijana alikuwa karibu sana kujigundua."

"Mama, alikuwa amebanwa."

"Na sasa ameandika wapi tajiriba yake?"

Mzee Hamduni alifikiri. "Kama ningechelewa kidogo, angeiandika kwenye suruali."

Tulicheka sote, hata Mhandisi Ngwilizi, mpaka tulipoona Mkaguzi hacheki. Saa nane mchana Mzee Hamduni alikabidhi funguo. Alikuwa amefanya kazi pale miaka thelathini na moja. Alipopita jikoni kuniaga alikunywa chai yake akiwa amesimama, akarudisha kikombe, akasema, "Mwangalie yule kijana." Nikaitikia kwa kichwa. Kumwangalia nilimwangalia.

Tangu hapo Gaudensi alijifunza kwa sheria. Kila asubuhi aliingia ofisini kwa Mhandisi.

"Bosi, lile gurudumu la kwanza ni la nini?"

"Wewe unadhani ni la nini?"

"La kuzungusha."

"Na ukilizungusha?"

"Litazunguka, bosi."

"Vizuri sana," aliandika Mkaguzi.

*

Mvua ilianza Jumamosi kule milimani. Redio ilituuliza kama tunadhani itaendelea. Jumanne saa nne asubuhi nilikuwa namimina chai ofisini wakati Gaudensi alipoingia amelowa, viatu vinachuruzika.

"Bosi, maji yamepita mstari mwekundu."

Mhandisi Ngwilizi aliinuka nusu, kisha akamtazama Mkaguzi aliyekuwa kwenye kiti cha kona, akakaa tena.

"Yamepita kiasi gani, wewe ukiyatazama?" aliuliza.

"Kiganja kizima. Nifungue lango lipi?"

"Unajionaje ukisimama mbele ya malango yale?"

"Najiona nimesimama, bosi. Nifungue lipi?"

Mhandisi alitazama dirishani, upande wa malango. Alijua. Mtu huyu angeweza kuchora bwawa lile akiwa amefumba macho. Alinyoosha kalamu kwenye meza, akainyoosha tena, halafu akasema polepole, akichagua kila neno, "Gaudensi, hivi unadhani nyani wa korongoni wana mashamba ya mpunga?"

"Hapana, bosi."

"Na je, maji mengi yakienda mahali penye nyani tu, unadhani nani..."

"Mhandisi," alisema Mkaguzi bila kuinua macho. "Kifungu cha saba. Swali lililobeba jibu tumboni ni jibu lililovaa nguo za swali."

Mkaguzi akaendelea, kwa sauti ya mtu anayehurumia, "Ukiliona ni gumu kwako, nawe una mkubwa wako. Muulize."

Mhandisi akapiga simu wilayani. Simu ile ilikuwa na sauti kubwa, tulisikia wote.

"Mheshimiwa, maji yamezidi. Kijana anauliza afungue lango lipi. Naomba ruhusa nimwambie."

"Wewe unaonaje kuhusu ruhusa?" ilisema sauti ya wilayani. Kisha nayo ikapiga simu mkoani, na mkoa ukapiga simu wizarani. Dakika kumi na mbili zilipita. Nilizihesabu kwenye saa ya ukutani, kwa kuwa chai ilikuwa imeshamiminwa na sikuwa na kazi nyingine ya kunifanya nibaki mle. Hatimaye simu ikalia. Ilikuwa wizara yenyewe, na Mhandisi aliinuka kuipokea.

"Mheshimiwa Waziri amefurahishwa sana na swali lenu," ilisema. "Anawarudishia. Anauliza: ninyi mnadhani lango ni nini?"

Gaudensi alitutazama mmoja mmoja, kisha akatoka kwenye mvua.

Niliweka sinia. Nikachukua chupa ya chai ili nionekane ninampelekea chai, nikamfuata kwenye ukuta wa bwawa. Maji yalikuwa ya kahawia na yalikuwa yamefika mahali ambapo sijapata kuyaona. Chini upande wa kushoto niliona Mabondeni yote, kijani kibichi, na watu wadogowadogo wameinama kwenye mpunga. Dada yangu alikuwa mmojawapo. Tekla alikuwa shule ya awali, ambayo iko juu kilimani. Asela alikuwa shambani, kwa kuwa Jumanne ni siku ya kupalilia.

"Dada Vene," alisema Gaudensi, "wewe umekaa hapa siku nyingi. Ni lipi?"

Nilisema. Nataka hili lijulikane, kwamba nilisema. Nilisema, "La mlimani."

Akalikimbilia gurudumu la mlimani akalikamata kwa mikono miwili. Halikutikisika. Akaweka bega. Akakanyaga kijiti kimoja kwa mguu na kuvuta kingine. Kutu ikamchubua viganja, damu ikachanganyika na mvua. Bomba lilikuwa limesimama mbele ya ofisi limebeba kibao.

Akanigeukia akihema. Hakuwa na ubaya wowote usoni. Alikuwa kijana anayeogopa kukosea.

"Mbona halizunguki? Una hakika, dada Vene?"

Nilikuwa na hakika. Nilikuwa na hakika kama ninavyojua jina langu. Lakini aliniuliza kwa neno lile, akanitazama machoni akisubiri, na kitu changu cha zamani kikanirudia, na mdomo wangu ukasema, "Sijui."

Ni neno dogo. Lilitoka kabla sijalizuia.

Gaudensi akasimama kidogo, amefumba macho, kama alivyofundishwa, akijitafuta ndani. Kisha akaliendea gurudumu la ofisini. Likazunguka kwa kidole. Akatabasamu, maskini, kwa sababu alidhani kitu kinachokubali namna ile ndicho chenyewe.

Mhandisi Ngwilizi alikuwa ametoka hadi barazani. Aliona ni lango lipi. Nilimwona akifungua mdomo, na Mkaguzi alikuwa nyuma yake na daftari. Akapiga kelele, mishipa ya shingo imemsimama:

"Gaudensi, unadhani hilo ndilo?"

Gaudensi akadhani anatiwa moyo. Akazungusha mpaka mwisho.

Niliangusha chupa nikakimbia. Njia ya kwenda Mabondeni inazunguka kilima mara mbili, na maji hayana haja ya kuzunguka. Nilipofika kwenye kona ya pili niliyaona yanatoka kwenye mfereji yakiwa yamesimama wima kama ukuta. Watu wa mashambani walikuwa wameyasikia. Walinyooka, kila mmoja na jembe lake, wakatazama upande wa bwawa. Hawakukimbia mara moja. Walisimama hivyo kitambo, kama watu wanaosubiri kuambiwa.

Niliita, "Asela." Kwa mara ya kwanza maishani nilipaza sauti mpaka ikapasuka. Alikuwa mbali.

*

Walikufa watu thelathini na wanne. Dada yangu alipatikana Alhamisi, amekwama kwenye miiba karibu na daraja la chini, kanga yake imefungwa kiunoni vilevile alivyoifunga yeye. Tulimwosha mimi na mama mmoja jirani. Hatukuzungumza, kwa kuwa aliyekuwa akizungumza kwa niaba yetu alikuwa amelala pale.

Siku ya mazishi alikuja Mlezi Mkuu mwenyewe kwa helikopta. Rubani aliambiwa waziwazi mahali pa kutua. Mlezi Mkuu alisimama mbele ya majeneza, akayatazama kwa huzuni ya kweli, sidhani kama aliigiza, akasema:

"Ndugu zangu. Maji haya yanatufundisha nini?"

Mtoto mmoja alikohoa. Kisha mama mmoja aliyepoteza wanawe wawili akainuka, hakunyoosha mkono wala nini, akauliza, "Nani aliyekuwa anajua lango ni lipi, na kwa nini hakusema?"

Mlezi Mkuu alifumba macho akatikisa kichwa kwa kuguswa.

"Swali zuri sana," alisema.

Wale aliokuja nao wakapiga makofi. Msaidizi wake akaliandika. Yule mama alibaki amesimama akisubiri, mpaka helikopta ilipoanza kupiga upepo na kanga za watu zikapeperuka usoni, ndipo akakaa.

Ikaundwa Tume. Ilikaa miezi mitatu katika hoteli ya mkoani, ikatoa ripoti nene yenye jalada gumu. Ndani yake mlikuwa na maswali mia nne na kumi na mawili, na hapakuwa na sentensi yoyote iliyoishia kwa nukta. Niliombwa niipeleke ofisini kwenye sinia pamoja na chai, ndiyo maana niliisoma kidogo. Swali la mwisho lilikuwa: Je, wakazi wa Mabondeni walikuwa wamejiuliza vya kutosha kabla ya kuamua kuishi Mabondeni?

Gaudensi alipelekwa polisi, wakamwuliza maswali siku sita. Siku ya saba aliwaomba wamwambie kosa lake, akamwuliza mkuu wa kituo mara tatu. Mkuu wa kituo hakuwa na ruhusa ya kumwambia, akamwachia. Baadaye wizara ilimtumia cheti cha Mtumishi Aliyejifunza kwa Vitendo. Alikiacha kwenye meza ya jikoni kwangu, akaenda kwao, na sikusikia habari zake tena. Viganja vyake vilikuwa bado vimefungwa bendeji.

Mhandisi Ngwilizi alipewa nishani. Mkaguzi aliandika kwamba hata katika dakika ya hatari kubwa, mtumishi huyu hakujibu. Akapandishwa cheo kwenda makao makuu. Asubuhi ya kuondoka alikuja jikoni, akafunga mlango nyuma yake. Alikuwa amekonda, na ile nishani ilining'inia kwenye koti kama kitu cha mtu mwingine.

"Binti," alisema kwa sauti ya chini sana, "lilikuwa la mlimani."

"Najua, bosi."

Aliinua kichwa. "Ulikuwa unajua? Siku ile?"

"Nilikuwa najua."

Alikaa kwenye gunia la mkaa, na suti yake mpya. Nje dereva alipiga honi.

"Kumbe tulikuwa wawili," alisema.

Nilimpa chai. Hakuinywa.

*

Tekla anaishi nami sasa. Kwa wiki nyingi hakuuliza kitu, na ndugu waliokuja walishukuru, wakasema mtoto amesahau. Hata walipoona anataka kuuliza waliwahi kabla yake. "Tekla, unataka uji? Tekla, hilo gauni nani kakununulia? Tekla, eti wewe ni wa kwanza darasani?" Nchi nzima ilikuwa imeshakuwa hodari wa jambo hilo, hata watu wasio na ofisi.

Jana tulikuwa wawili tu. Nilikuwa nachambua mchele, yeye anakula viazi kwenye kibakuli chake, akaniambia bila kuinua uso:

"Mama mdogo. Mama atarudi lini?"

Ulimi wangu ulishatengeneza lile swali la uji. Nikalimeza.

"Hatarudi," nikasema.

"Yuko wapi?"

"Tulimzika. Pale kwenye kilima cha kanisa. Nitakupeleka."

"Maji ndiyo yalimchukua?"

"Ndiyo. Maji."

Alitafuna. Ana namna ya kutafuna upande mmoja kama Asela.

"Maji yalitoka wapi?"

"Kwenye bwawa. Yalikuwa mengi, likafunguliwa lango."

"Nani alifungua?"

"Kijana mmoja anaitwa Gaudensi. Ni mtu mzuri. Hakujua kwamba lile silo."

"Kwa nini hakumwuliza mtu anayejua?"

"Aliuliza."

Akaniinulia uso sasa. Macho yake ni ya mtu mzima kuliko umri wake, na hayakuwa na hasira, yalikuwa yanataka kujua tu.

"Nani alikuwa anajua?"

Mchele ulififia machoni mwangu, sikuona tena mawe na chuya.

"Mkubwa wa ofisi alikuwa anajua," nikasema. "Na mimi."

"Una hakika, mama mdogo?"

"Nina hakika."

Hakuniuliza tena. Alinitazama, akatazama kibakuli, akasogea na kigoda chake hadi upande wa pili wa jiko, akaendelea kula viazi vyake polepole huko. Mimi nikabaki palepale nilipokuwa, ungo mapajani, ili akitaka kurudi anikute.